Nilimwambia Baba "Pumzika kwa Amani" Juu ya Kochi la Umeme

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Ninakuomba msaada wa haraka, na naomba uusome mwandiko huu kwa huruma kwa sababu sijapata usingizi tangu jana nilipotoka kazini, nami si mtu wa kuandika ovyo, ni karani, kuandika ndiyo kazi yangu, na kwa kweli ni kazi hiyo hiyo iliyonifikisha hapa nilipo, ambapo nimemwambia baba yangu mzazi, mbele ya watu, mchana kweupe, apumzike kwa amani, na sasa naogopa kwamba amenitii.

Nianze na baba mwenyewe ili unielewe. Baba ni dereva mstaafu wa greda, ule mtambo wa kusawazisha barabara, na wenzake wa kazini mpaka leo wanamwita Bwana Lami. Ni mtu mfupi, mwenye sauti inayokizidi kimo chake, na mama anamzidi kwa kichwa kizima, jambo ambalo nyumbani kwetu ni utani wa kila siku, mama akipita mbele ya televisheni baba husema, "Jamani, huo mnara usogezwe, hatuoni." Kazi ya kutikiswa juu ya kiti cha chuma imeuharibu mgongo wake, hivyo asubuhi haamki mara moja kama watu wengine, anaamka kwa awamu, kwanza anakaa kitandani, kisha anashika ukuta, kisha anautukana ukuta.

Nilimpeleka hospitali akapigwa picha ya mgongo. Majibu yalipotoka baba alikuwa amekwenda msalani, kwa hiyo daktari aliniita mimi peke yangu, akanieleza kwamba ni uchakavu wa pingili tu, hauhitaji upasuaji, anachohitaji ni mazoezi mepesi na mahali pazuri pa kukaa kila siku, panaposhika kiuno na kuinua miguu. Baba aliporudi nikamwambia pale pale kwenye korido, "Ni uchakavu tu, baba," akasema, "Hata greda huchakaa," tukaenda zetu nyumbani.

Ndipo mimi na kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, tukaamua kumnunulia kochi la umeme, lile la daraja la juu ambalo ukibonyeza kitufe mgongo unashuka wenyewe polepole na mbele panachomoza pa kuwekea miguu, na ukibonyeza kingine linakurudisha wima bila kujisumbua. Mshauri, naapa nilifanya kila kitu kwa uangalifu. Nilipima sebule, nikapima mlango, nikapima umbali kutoka ukutani ili mgongo wa kochi upate nafasi ya kushuka, nikapima kutoka kochi hadi soketi ili waya usije ukamkwaza mtu, nikalinganisha ngozi na kitambaa, nikaikanda sponji kwa vidole, nikauliza habari za mota, za waranti na za sauti linapopanda na linaposhuka, mpaka yule muuzaji akaweka kalamu chini akaniuliza, "Dada, unalinunua au unaliposa?" Kaka ndiye aliyelijaribu, kwa sababu ni mkubwa wa mwili na nilijiambia kama litambeba huyu litambeba yeyote, akajilaza, nikabonyeza, na kabla sijamaliza kusoma maelezo ya kitufe cha pili alikuwa anakoroma na wateja wanamcheka. Muuzaji akasema kuna na betri ya akiba, inauzwa peke yake, ya kusaidia umeme ukikatika. Tukasema tutaiongeza baadaye. Baba hatukwenda naye dukani, maana tulitaka kumshtua. Neno hilo nililisema mimi mwenyewe, "tutamshtua," na Mungu alikuwa anasikia.

Dalili ya kwanza niliipata nilipompigia simu shangazi, dada yake baba, kumwalika siku ya kumkabidhi.

"Shangazi, tumemnunulia baba kiti cha umeme."

"Kiti cha nini?"

"Cha umeme, shangazi. Anakaa, unabonyeza, basi."

"Unabonyeza, basi! We mtoto, kaka yangu kamuua nani mpaka mkamkalishe kwenye kiti cha umeme?"

"Hapana, shangazi, ni cha kupumzikia."

"Si ndiyo hicho hicho! Hata hao wanaokalishwa hupumzika!"

Nilicheka, mshauri. Nilicheka nikakata simu, wala sikujiuliza zaidi kuhusu maneno.

Sasa hapa lazima nikueleze kazi yangu. Nipo idara ya utumishi, na mimi ndiye ninayeandika matangazo ya ubaoni, mtu akistaafu naandika mimi, mtu akifiwa naandika mimi, mtu akifa naandika mimi, na mkuu wangu huwa anasema hakuna anayeandika tanzia kama mimi, kwamba nikimwandika marehemu hata waliomchukia wanatoa machozi. Kwa hiyo maneno ya namna hiyo yamenikaa kwenye ulimi kama mafuta kwenye nguo ya fundi, siyaoni tena.

Siku yenyewe sebule ilijaa. Walikuja wenzake baba wa barabarani, majirani wawili watatu, shangazi na kitambaa chake cha kufutia jasho. Kochi lilikuwa katikati, jeusi, linang'aa. Baba alizibwa macho akaletwa, akafunguliwa, akaliona, akasema, "Hili la nani?" Tukamwambia lako, baba, akaketi kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kulichafua, na miguu yake haikufika sakafuni, ikawa inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi, tukacheka kwa upendo, naye akacheka, huku ameishika mikono ya kochi kwa nguvu kama yuko juu ya greda kwenye mteremko. Kaka akasema, "Dada, hotuba!" Nami nilikuwa nimeitunga na kuikariri, nikashika kitufe kwa mkono mmoja ili niseme huku linashuka, nikaanza.

"Baba yetu mpendwa," nikasema, "umetutumikia bila kuchoka. Umetusawazishia njia sisi tuliobaki nyuma yako. Pengo lako kazini halitazibika. Wema wako tutauenzi daima." Kochi linashuka. Watu wametulia. "Sasa mwendo wako umeumaliza. Baba, pumzika kwa amani."

Na umeme ukakatika.

Mshauri, sijui kama unaweza kuiona sebule ile. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya jua, taa ikazimika, feni ikafa, na baba yangu amelala chali, amenyooka, miguu juu, mikono ameikunja kifuani kwa sababu hakujua aiweke wapi, na sisi wote tumesimama tumemzunguka tunamtazama kutoka juu. Shangazi akaangua kilio, "Kaka yangu weee!" na jirani mmoja, naapa, akavua kofia. Mzee mmoja wa barabarani akajaribu kuokoa hali, akasema, "Bwana Lami, leo umesawazishwa wewe," lakini aliyecheka alikuwa yeye peke yake, naye akaishia katikati.

Sauti ya baba ikatoka kule chini, ndogo. "Nitoeni."

Nikabonyeza vitufe vyote. Hakuna kilichotii. Kwa mgongo wake hawezi kujiinua kutoka kulala chali hivyo, kwa hiyo wakambeba, kaka na wale wenzake baba, wengine kwapani na wengine miguuni, na kwa sababu ya meza iliyokuwa njiani wakamtoa miguu ikitangulia. Shangazi alipoona hivyo akakaa chini sakafuni.

Tangu siku hiyo baba hajaketi tena kwenye kochi lile. Umeme ulirudi, nikamwonyesha kwamba linafanya kazi, akasema, "Ni zuri sana, mwanangu. Zuri kuliko mimi," kisha akalifunika kwa shuka, jeupe, mshauri, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la barazani ambalo halina hata pa kuegemea. Hanigombezi. Laiti angenigombeza. Ananiambia pole na kazi, ananiambia asante, ananitazama kama mtu anayeniaga.

Kisha akaniuliza, "Yule daktari siku ile alikuita peke yako. Alikwambiaje?" Nami kwa hofu kwamba anawaza upasuaji nikamjibu haraka haraka, "Alisema hakuna cha kufanya, baba. Ni kukusaidia tu ukae kwa starehe." Neno lilipotoka nikalisikia. Nilitaka kulirudisha lakini yeye alikwisha kuitikia kwa kichwa. "Haya," akasema. "Nimesikia."

Wiki hiyo hiyo akampa kaka glavu zake za ngozi za kazini, zile zinazoning'inia kwenye msumari ukutani, ambazo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuzigusa. Akamchukua mpaka kwenye kiwanja chetu kumwonyesha mpaka unapoanzia na unapoishia. Kaka hakuona ajabu, anasema, "Mzee kanuna tu, itapita, ikizidi tulirudishe kochi dukani." Shangazi naye anapiga simu kila siku kunikumbusha kwamba maneno huumba. Mama ni dobi, kutwa nzima anasimama anapiga pasi nguo za watu, na juzi nilirudi mapema nikamkuta ameliondoa shuka, amejilaza kwenye kochi, miguu juu, mdomo wazi, usingizi mzito, na aliponisikia akaruka kama mwizi, akasema, "Nilikuwa nalifuta vumbi." Sikuwa na nguvu ya kushangaa mambo mawili.

Sasa la jana. Nilipokaribia nyumbani nilisikia sauti barazani nikasimama kwenye kona ya ukuta. Alikuwa yule seremala wa mtaa wa nyuma, anayetengeneza vitanda, viti na, Mungu anisamehe, majeneza. Baba alikuwa amesimama wima ameegemea ukuta na seremala anampima kwa futi kamba. Kisha baba akaketi kwenye benchi, seremala akapiga magoti akampima kutoka chini ya goti hadi kisigino, akampima na nyonga, akaandika kwenye kipande cha mbao. Na baba anamwelekeza, kwa sauti ile yake ya kawaida, kama mtu anayeagiza mlango. "Usinifanyie kirefu, mimi mtu mfupi. Na mbao iwe ya kudumu, sitaki kitu cha kuoza." Seremala akacheka akamwambia, "Mzee, hiki utakaa nacho milele." Baba akasema, "Kikiwa tayari ukilete kimya kimya nikiwa peke yangu. Yule binti asione, ataumia."

Nilirudi nyuma nikazunguka mtaa mzima ndipo nikaingia, nikasema shikamoo kama kawaida, akaitikia kama kawaida. Sijala. Nimekuja kazini leo na nimeletewa tangazo la msiba niandike na nimeshindwa kuandika mstari wa kwanza.

Mshauri, nifanye nini? Nirudishe kochi? Nimwambie baba kwamba nilisikia? Nimwambie kaka? Au ninyamaze kabisa, kwa kuwa kila nikifungua mdomo kumsaidia baba namsukuma hatua nyingine kuelekea kaburini? Nakuomba usichelewe kunijibu.

Ni mimi,
Karani Mwoga


JIBU

Binti karani, marahaba.

Kaa kwanza, kunywa maji. Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilishika kifua. Mara ya pili nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimekula vibaya. Mara ya tatu nilitoa futi kamba kwenye mkoba wangu wa kushonea nikajipima, na nitakwambia kwa nini, lakini kwanza nikugombeze, maana baba yako amekataa kukufanyia hisani hiyo na naona inakukosesha usingizi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa ulimi mara tatu, kwa shangazi, kwa baba sebuleni, na mbaya kuliko zote kwa baba siku alipokuuliza habari za daktari. Ile hotuba ni aibu tu, na aibu huisha. Lakini mtu anakuuliza majibu yake ya hospitali unamwambia "hakuna cha kufanya"? Mtu mwenye mgongo unaouma, aliyekuona ukiitwa peke yako? Hapo hukuteleza, hapo ulikuwa unajikinga wewe na hofu yako, ukamwachia yeye aibebe. Nimemaliza kukugombeza. Futa macho.

Sasa nisikilize vizuri. Jeneza halina goti.

Rudia kuisoma barua yako mwenyewe. Seremala alipiga magoti akampima baba yako kutoka chini ya goti hadi kisigino, kisha akampima nyonga. Binti, mtu anayetengenezewa jeneza hupimwa urefu na mabega, yakaisha. Hakuna fundi duniani anayehangaika kujua goti la mtu atakayelala amenyooka. Kipimo hicho ni cha mtu anayetaka kukaa. Ndiyo maana nilijipima, nikaenda kulinganisha na kiti changu cha hapa ofisini, na ndipo nilipogundua kwa nini jioni mapaja hunifa ganzi. Na wewe uliandika kwa mkono wako kwamba fundi huyo hutengeneza vitanda, viti na majeneza. Mbona neno la katikati uliliruka?

"Usinifanyie kirefu." "Yule binti asione, ataumia." Ukishaogopa, kila neno linakuwa na sanda. Ondoa hofu, uyasome tena. Huyo ni mzee ambaye watoto wake wamemletea kochi la kifahari, akapanda juu yake mbele ya wenzake wa kazi, na miguu ikaning'inia. Mliona, mkacheka kwa upendo. Yeye alishika mikono ya kochi kama yuko kwenye mteremko, na uliliandika hilo bila kulielewa. Mtu aliyeendesha mtambo mzito maisha yake yote, leo hafiki sakafuni! Atawaambiaje? Ulimsikia akikwambia, "Zuri kuliko mimi." Hakuwa anakuaga. Alikuwa anakwambia kwamba halimtoshi, kwa adabu ya mtu asiyetaka kukuvunja moyo.

Ulipima sebule. Ulipima mlango. Ulipima waya. Kaka yako, pandikizi la mtu, akalala badala yake. Karani mzima, mwenye mpangilio namna hiyo, ulimsahau mtu mmoja tu kumpima, naye ndiye atakayekaa.

Nisikudanganye kwamba najua yote. Siwezi kuapa kwa ajili ya fundi ambaye sijamwona. Glavu sijui, pengine kaka yako mchomelea vyuma anazihitaji kuliko msumari wa ukutani. Mipaka ya kiwanja ndiyo sina jibu kabisa. Wazee huonyesha mipaka, na inawezekana sana kwamba lile "hakuna cha kufanya" lako limemfikisha mahali pa kufikiri. Kama ni hivyo, dawa yake si kunyamaza. Ukinyamaza sasa, kimya chako ndicho kitakachokuwa tangazo la nne.

Kwa hiyo fanya hivi. Mrudishe baba kwa daktari yule yule, safari hii wote wawili muwe mmekaa mbele yake, na usiseme kitu. Baba aulize mwenyewe, ajibiwe mwenyewe, asikie kwa masikio yake kwamba ni uchakavu na mazoezi. Usimtafsirie. Usimfupishie. Wewe kufupisha hujui.

Kochi usilirudishe dukani kabla hujamuuliza mama yako. Nimeshangaa sana kwamba uliandika habari za mwanamke mrefu, anayesimama kutwa nzima akipiga pasi, ukamkuta amelala juu ya kochi hilo mdomo wazi, na bado unaniuliza kochi ni la nani! Mwenyewe amepatikana. Alilipata bila hotuba. Ila leo hii nunueni ile betri, kwa sababu kochi la umeme lisilo na betri ni kitanda cha mtu mwingine kuamua utaamka saa ngapi. Na lile shuka lifueni lirudi kitandani.

Nanyi wasomaji wengine mlioniandikia mkiuliza kochi gani la umeme ni zuri kwa wazazi wenu, msiniulize jina la kampuni. Nendeni na mzazi dukani. Avue viatu, akae mpaka mwisho wa kiti, mtazame nyayo: zimekanyaga sakafu au zinaogelea? Nyuma ya goti panabanwa? Kiuno kimeshikwa au kuna shimo? Mwacheni abonyeze vitufe yeye, kwa kidole chake, bila miwani, alishushe, alipandishe, asimame bila kuvutwa mkono. Kisha mwambieni muuzaji achomoe waya, muone litakalotokea. Muuzaji akikasirika, tokeni. Mengine, ngozi na rangi na mahali pa kuwekea kikombe, ni mapambo. Mambo ya kushtukizana yaacheni kwa keki ya siku ya kuzaliwa.

Narudi kwako, binti. Usimwambie baba kwamba ulimchungulia kutoka kwenye kona ya ukuta. Mwache na siri yake ndogo, amewatunzia nyinyi nyingi. Ila kiti hicho kikija, na kitakuja, kisibaki barazani kama kitu cha wizi. Wewe mwenyewe kiingize sebuleni, kiweke kando ya kochi la mama, mnara na Bwana Lami wakae ubavu kwa ubavu, kila mtu na kimo chake. Mwambie ulikosea, kwa sentensi moja: "Baba, nilipima kila kitu nikakusahau wewe."

Halafu ulimi utakuwasha. Nakujua sasa. Utataka kuongeza maneno ya utumishi wake na pengo lake na wema wake. Uuzuie! Hayo yaache ubaoni, kwa wenye haja nayo. Wewe unahitaji neno moja tu, fupi kama yeye, ambalo wenye lugha yetu hulitumia kwa anayeketi na kwa anayebaki. Shika egemeo la kiti kile, mtazame, umwambie:

"Baba, kaa."